Saini ya Tatu

Mtaa mzima ulimwita Pimamaji. Pimamaji ni kile kifaa cha fundi mwashi chenye kichupa cha maji katikati, kinacholazwa juu ya ukuta kuonyesha kama umekaa sawa au umeinama. Naye alitembea nacho mkobani kama wanawake wengine wanavyotembea na kitana. Ukimkaribisha kwako, kabla chai haijapoa jicho lake lilikuwa limeshapanda ukutani, likafuata pembe mpaka darini, likashuka. Hakusema kitu mpaka aulizwe. Kosa lilikuwa kumuuliza.

Ufundi aliupata kwa mumewe. Alianza kwa kumchanganyia zege kwa sababu hawakuwa na pesa ya kibarua, akaendelea kwa sababu mkono wake ulikuwa umeuzidi mkono uliomfundisha. Mume mwenyewe alikuwa akisema hadharani, bila haya, "Mimi najenga, mke wangu ananyoosha." Alipofariki, watu walidhani mwiko wa uashi utazikwa naye. Mwezi wa tatu wa ujane wake Pimamaji alipanda jukwaa kupiga plasta nyumba ya ghorofa moja, na wanaume wakakusanyika chini kuangalia. Akawatupia jicho kutoka juu.

"Mnaangalia ukuta au mnaangalia mimi?"

Wakaangalia ukuta. Ulikuwa umenyooka.

Sasa, mtaa wao ulikuwa juu ya kilima na maji yalikuwa chini. Karibu shida zote za mtaa ule zilitoka hapo. Dakika kumi kushuka na ndoo tupu, dakika ishirini na tano kupanda na ndoo imejaa, na ukikuta foleni kisimani, siku yako imekwisha. Watoto walichelewa shule, wagonjwa walioga nusu, na ukiona ugomvi wa mke na mume, chimba kidogo tu, utakuta ndoo.

Ndipo ikaja habari ya mikopo. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kuvidhamini vikundi vya wananchi ili vikope benki na kujijengea miradi yao. Afisa mikopo akapanda kilima kuwaeleza, kijana nadhifu mwenye viatu vilivyong'aa mpaka ukavionea huruma kwa vumbi lililokuwa linavingoja. Watu walijaa darasani, wengine wakakaa madirishani. Kijana akaeleza vizuri: benki inatoa, serikali inasimama mdhamini, kaya mia moja na kumi na mbili zinajenga kisima kirefu, pampu, tangi kubwa na vituo vitatu vya kuchotea. Maji yatauzwa kwa bei nafuu, na mauzo yatalipa deni kwa miaka mitano.

Pimamaji akanyoosha mkono. "Mwanangu, tukishindwa kulipa?"

"Serikali itailipa benki, mama."

Watu wakapiga makofi. Yeye akabaki amesimama.

"Na serikali italipwa na nani?"

Kijana akakohoa kidogo. "Serikali itarudi kwenu."

"Kwa hiyo kamba imeongezwa urefu, lakini shingo ni ileile."

Darasa likaangua kicheko. Hata hivyo walikubali, na yeye mwenyewe alikuwa wa nne kujiandikisha. Hakuupinga mkopo. Alichotaka ni kila mtu ajue anavaa nini shingoni.

Mwongozo wa mpango ulidai watia saini watatu, na mmoja wao lazima awe mwanamke. Mwenyekiti akachaguliwa shemeji yake Pimamaji, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi na maneno matamu kuliko bidhaa zake. Mweka hazina akawa mwalimu mstaafu ambaye kila karatasi aliisoma mstari wa kwanza na wa mwisho, katikati akamwachia Mungu. Kwa saini ya tatu, shemeji akampendekeza Pimamaji. Alidhani anatimiza mwongozo. Walitaka mwanamke, wakapata fundi.

Mkandarasi aliletwa na ofisi ya mikopo kutoka kwenye orodha yao. Alikuwa mtu wa tabasamu, mnene wa wastani, mwenye simu mbili zilizoshindana kuita. Kisima kilichimbwa vizuri. Hilo Pimamaji hakulikataa kamwe. Kisha likaanza tangi, la mviringo, la tofali, kimo cha mita mbili na nusu, la kubeba lita elfu arobaini. Kila asubuhi Pimamaji alikuwapo. Alihesabu toroli za mchanga kwa kila mfuko wa simenti. Alivuta nondo kwa mkono kuona kama zimefungwa. Kozi ya tofali, yaani safu moja, ikipinda unene wa kidole, aliiangusha mwenyewe, na mafundi wakamlaani chinichini, wakajenga upya.

Walipofika nusu ya kimo, simu ikaja kutoka mbali: binti yake wa pekee alikuwa amelazwa, uzazi wa kwanza, mtoto amekaa vibaya. Pimamaji akafunga mkoba siku hiyohiyo. Kabla hajaondoka alipita kwa mkandarasi.

"Baba, nikuombe. Nusu ya juu iningoje. Fanyeni vituo vya kuchotea kwanza."

Mkandarasi akacheka kwa upole. "Mama, tofali halijui nani analitazama."

"Tofali halijui. Fundi anajua."

Alikaa siku kumi na sita kwa binti yake. Mjukuu akatoka salama, wa kike, mwenye sauti ya kuita mtaa mzima. Na bibi alipopanda kilima akirudi, kabla hata hajafika kwake kutua mkoba, aliliona tangi. Limekwisha. Limepakwa rojo la simenti ndani na nje, kisha chokaa, jeupe kama jino la maziwa.

Alilizunguka mara moja. Akaligonga kwa mpini wa mwiko, chini: ko, ko. Akapanda ngazi, akagonga juu: bu, bu. Akakwangua chokaa kwa ukucha, akakwangua na rojo lililokuwa nyuma yake, na mchanga mkavu ukamwagika kiganjani mwake kama unga wa ungo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Hawa walikuwa wameuziba ufa kwa chokaa.

Siku tatu baadaye afisa mikopo alikuja na karatasi. Walikutana nyuma ya duka la shemeji, kwenye chumba cha kuhifadhia mabati: mwenyekiti, mweka hazina, Pimamaji, mkandarasi, na yule kijana. Karatasi ilikuwa cheti cha kukamilika kwa tangi. Ikitiwa saini zote tatu, benki inatoa awamu ya mwisho, mkandarasi analipwa lake, na pampu inanunuliwa. Mwenyekiti akatia saini kwa mkono wa madaha. Mwalimu akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa mwisho, akatia. Kalamu ikamfikia Pimamaji. Akaiweka mezani.

"Mimi sitii."

"Shemeji, usianze," akasema mwenyekiti.

"Sijaanza. Nimemaliza. Tangi lile nusu ya chini ni tangi. Nusu ya juu ni mchanga uliovaa shati jeupe. Lijazwe maji kwanza, tulione."

Mkandarasi hakukasirika. Akaeleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto: tangi hujazwa na pampu, pampu inanunuliwa kwa awamu ya mwisho, awamu ya mwisho inatoka baada ya saini. "Kwa hiyo mama, unataka yai kabla ya kuku."

"Nataka kujua kama kuku ana mkundu, kabla sijalipia mayai."

Mwalimu mstaafu akajifanya anatafuta miwani yake. Afisa mikopo aliinamisha kichwa, na kama alicheka, alicheka kwa mabega tu. Kisha akasema kwa sauti ya kusihi kwamba mwezi unakwisha, kwamba ofisini wanamngoja na taarifa, kwamba serikali yenyewe imedhamini mradi huu, sasa mama ana wasiwasi wa nini?

"Serikali imeidhamini benki," Pimamaji akamjibu. "Sisi nani katudhamini? Pampu ikija, tangi likavuja, huyu baba atakuwa wapi? Atakuwa anajenga tangi jingine kwenye kilima kingine. Na sisi tutalipa miaka mitano kumwagilia majani."

Akachukua mkoba wake, akatoka.

Mkandarasi alimfuata nje mpaka kwenye kona, simu zote mbili amezizima. Huko akawa mtu mwingine, wa karibu, kama ndugu. Alimwambia amemwona kazini na amemkubali. Alikuwa na miradi mitatu inayokuja, shule mbili na zahanati, naye alihitaji fundi mkuu wa kupiga plasta, malipo kila wiki. Pimamaji alimsikiliza mpaka mwisho. Kazi ya aina hiyo alikuwa ameiota miaka tisa, na hakuna mkandarasi aliyewahi kumpa mwanamke.

"Hiyo kazi ungenipa jana ningeipokea kwa mikono miwili," akamwambia. "Leo ina harufu."

Habari mbaya haihitaji gari. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba maji yamezuiwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni nani. Kisimani wanawake walimpisha njia kwa namna ya kumpisha mwenye upele. Mmoja akasema kwa sauti, akiuambia mtungi wake, kwamba kuna watu kujua kushika mwiko kumewapanda kichwani. Wateja wawili waliokuwa wamemwekea kazi walituma salamu kwamba wameahirisha. Alipita karibu na vituo vitatu vipya vya kuchotea, mabomba yake yakimetameta bila tone, na watoto wakawa wanafungua na kufunga kwa mchezo.

Shemeji alimjia nyumbani siku ya pili. Hakukaa.

"Unaniaibisha," akasema. "Simenti yote ya tangi lile imetoka dukani kwangu kwa mkopo. Yule bwana asipolipwa, mimi nimekwisha. Unataka wanangu wale nini?"

"Alichukua mifuko mingapi?"

"Nini?"

"Nilipoondoka, alichukua mifuko mingapi kwa nusu ya juu?"

Mwenyekiti akageuza uso. Na pale pale Pimamaji akajua kwamba hata yeye anajua. Kwamba aliihesabu mifuko, akaona haitoshi kujenga hata choo, akanyamaza ili alipwe.

"Shemeji," akasema yule mwanamume, sasa kwa sauti ya chini, "usisahau kiwanja hiki ni cha kaka yangu. Tumekuacha ukae kwa heshima tu."

Pimamaji alikuwa anaosha mwiko kwenye karai. Aliendelea kuuosha mpaka ukang'aa, ndipo akainuka.

"Kiwanja ni cha kaka yako, kweli. Lakini kuta hizi nimezijenga mimi na yeye, na plasta nimeipiga peke yangu. Zungusha macho yako, shemeji. Tafuta ufa. Ukiuona hata mmoja, nitahama leo na kitanda changu kichwani."

Hakuna aliyetafuta ufa. Shemeji akaondoka akiuburuza mguu kama aliyeumwa na kiatu.

Mkutano wa wanachama uliitwa Jumamosi ili kumwondoa kwenye saini ya tatu. Uwanja ulijaa. Walisema wengi, na wengine walisema mambo ambayo ingekuwa vizuri wasingeyasema kwa mjane. Alipopewa nafasi hakujitetea.

"Mnataka kunitoa, nitoeni. Saini si jino langu. Ila kabla hamjanitoa, tujaze tangi. Hatuna pampu, lakini ndoo tunazo. Nimepiga hesabu: nusu ya tangi ni ndoo elfu moja za lita ishirini. Tupo kaya mia moja na kumi na mbili. Kila kaya ndoo tisa. Likijaa likakaa, nitatia saini mbele yenu na kumwomba baba huyu msamaha hadharani. Na maji mtakuwa nayo, hayapotei."

Mzee mmoja mwenye kiherehere akasema kwamba yeye amebeba ndoo maisha yake yote, tisa zaidi hazimuui. Watu wakacheka. Ubishi wa mtu akiwa peke yake unaitwa ukaidi, lakini ubishi unaoweza kupimwa kwa ndoo una mvuto wake. Kila mtu alitaka kuona nani ataaibika. Mkandarasi mwenyewe alikubali. Pimamaji alimwona akikubali haraka mno.

Jumapili asubuhi kilima kiligeuka njia ya siafu. Walishuka na kupanda, ndoo vichwani, madumu mabegani, wengine wawili wawili na mti katikati. Vijana wa jukwaani walizipokea na kuzimimina. Kufikia alasiri, nusu ya tangi ilikuwa imejaa, maji yametulia, yana mbingu ndani yake. Pimamaji alilizunguka akipapasa ukuta kwa kiganja. Mkavu. Akalizunguka tena. Mkavu.

"Haya!" akapaza sauti mkandarasi. "Tangi linavuja wapi, mama?"

Vicheko vikapanda. Mtu akaimba jina lake kwa dhihaka. Pimamaji alisimama katikati ya uwanja, shingo inamuuma, vidole vimekufa ganzi, akijua jambo moja ambalo alikuwa hajalisema kwa sababu alihofia watu wangekata tamaa mapema: nusu ya chini ndiyo iliyojengwa mbele ya macho yake. Haikuwa na sababu ya kuvuja.

"Bado," akasema. "Hiyo ni kazi yangu mnayoisifu. Huku chini nilikuwapo. Huko juu sikuwapo. Tujaze nusu iliyobaki."

Uwanja ukalipuka. Ndoo elfu moja nyingine! Watu walitupa mikono. Wengine walichukua ndoo zao, wakaenda zao, wakisema huyu mama hata mbinguni ataomba apime lango. Jua lilikuwa bado kali. Alingoja labda mtu mmoja atasogea. Hakusogea mtu. Basi akajifunga kanga kiunoni, akachukua ndoo yake, akashuka kilima peke yake.

Alipanda nayo, akaimimina. Akashuka tena. Katika safari ya tatu magoti yalianza kumsaliti, na alikuwa ameshapiga hesabu kichwani kwamba kwa mwendo huo atajaza tangi ndani ya miezi miwili. Akajiambia miezi miwili si miaka mitano. Alikuwa kwenye mteremko, amesimama kuvuta pumzi, ndipo akasikia mlio wa ndoo nyingine nyuma yake.

Alikuwa muuza mkaa. Ndiye mtu wa mwisho ambaye angemtegemea. Walikuwa hawajasalimiana miaka miwili, tangu Pimamaji alipoulizwa kuhusu ukuta wa mpaka wa mama huyo, naye akajibu, mbele ya wageni, kwamba ukuta ule ungeangushwa na mbuzi mwenye haraka.

"Sijaja kwa ajili yako," akasema muuza mkaa, akitazama mbele. "Mimi sikupendi, na ulimi wako siupendi. Ila deni hili na mimi nimelitia kidole gumba. Nataka kujua nalipia nini."

"Sawa," akasema Pimamaji.

"Na ukuta wangu haujaanguka."

"Haujaanguka bado."

Muuza mkaa akasonya, lakini hakurudi nyuma. Walishuka pamoja. Waliporudi juu, wale waliokuwa wamekaa kivulini wakiwasubiri washindwe waliwaona wawili badala ya mmoja, tena wawili hao, na ajabu hiyo ikawainua kuliko hotuba yoyote. Akaja muuza mboga na madumu yake. Akaja mwalimu mstaafu, akibeba nusu ndoo na kuimwaga robo njiani. Giza lilipoanza kuingia wakaacha, na Jumatatu alfajiri uwanja ulikuwa umejaa tena, hata waliotukana.

Afisa mikopo alifika saa tatu, akidhani anakuja kuchukua karatasi iliyotiwa saini. Akakuta mstari wa watu kutoka bondeni mpaka juu, na ndoo zikipita mkono kwa mkono. Hakuelewa. Akasimama karibu na tangi kumtafuta mwenyekiti, na hapo alipokuwa amesimama akahisi ubaridi miguuni. Akatazama chini. Kiatu chake kimoja kilikuwa ndani ya dimbwi.

Ukuta ulikuwa umeanza kutoa jasho. Kwanza doa moja la kijivu, kimo cha kifua, kisha madoa mengi, kisha yakaungana yakawa mkanda uliozunguka tangi lote, sawasawa na mstari ambao Pimamaji aliuacha alipoondoka kwenda kwa binti yake. Chokaa ikavimba, ikamenyeka kama ngozi ya kiazi cha kuchemsha. Nyuma yake maji yakawa yanachuruzika pamoja na mchanga.

"Simenti mpya hunywa maji," akasema mkandarasi, kwa sauti ambayo hata yeye haikumshawishi. "Ni kawaida, itashiba."

"Itashiba watu!" Pimamaji akafoka. Alikuwa ameona kitu ambacho wengine hawajakiona: kozi tatu zilizo juu ya mkanda ule zilikuwa zimeanza kutoka nje, upana wa kucha, upana wa kidole. Akaruka kwenye jukwaa, akawashika vijana mashati. "Shukeni! Wote shukeni! Ondokeni ukutani! Mtu asilete ndoo nyingine!"

Kuna waliotaka kuendelea, wenye hasira sasa, waliotaka lianguke kabisa mbele ya mwenye kosa. Akasimama mbele yao mikono ametanua.

"Nataka ushahidi, sitaki maiti. Rudini nyuma."

Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kufungua bomba la kutolea maji, ubavu kwa ubavu na ukuta uliokuwa umevimba, huku muuza mkaa akimpigia kelele atoke huko mwendawazimu. Maji yakaanza kushuka. Hayakushuka haraka vya kutosha. Kipande cha ukuta, upana wa mlango, kikaachia upande wa pili na kuanguka, matofali yakitawanyika kwenye matope. Alipokwenda kuyaokota, mengi yalikuwa hayana hata alama ya simenti mgongoni. Akachukua moja, akalipeleka kwa afisa mikopo, akalikandamiza mikononi mwake, matope na yote.

"Lipeleke ofisini, mwanangu. Waambie hii ndiyo taarifa ya mwisho wa mwezi."

Kijana yule, tumpe haki yake, alilipeleka. Ilichukua wiki saba. Akaja mhandisi, akapima, akaandika. Mkandarasi akaambiwa avunje na ajenge upya kwa gharama zake. Akaahidi mara tatu, mara ya nne simu zake zote mbili zikawa hazipatikani. Ofisi ya mikopo ikataka kuleta mkandarasi mwingine kutoka orodha ileile. Wanachama wakakataa, safari hii kwa sauti moja, na wakakaa kwenye ngazi za ofisi siku mbili mpaka wakaruhusiwa kujenga wenyewe kwa fundi wao, chini ya jicho la yule mhandisi. Fundi wao mnamjua.

Si kila kitu kilinyooka. Shemeji alibaki na deni la simenti ambalo hatalipwa milele. Alijiuzulu uenyekiti kabla hajatolewa, na zaidi ya mwaka akawa anavuka barabara akimwona mjane wa kaka yake. Habari ya kiwanja, hata hivyo, hakuirudia tena. Wanachama walipotaka kulisusia duka lake, Pimamaji ndiye aliyekwenda kununua pale simenti ya tangi jipya, kwa pesa taslimu, akihesabu mifuko kwa sauti mpaka mwisho, bila kumwangalia usoni. Muuza mkaa naye hakuwa rafiki. Walisalimiana, basi.

Maji yalifika vituoni mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Deni wanalilipa mpaka leo, kila mwezi, na wanalalamika kila mwezi, kama watu wanaolipia kitu walichonacho.

Mwaka wa pili ofisi ya mikopo iliandaa semina ya vikundi vyote vilivyodhaminiwa, kwenye ukumbi wenye mapazia mazito na viti vya kuzama. Pimamaji alialikwa kutoa ushuhuda wa dakika tano. Walimpa na maneno yenyewe, yamepigwa chapa. Aliyasoma akiwa amekaa: mradi ulichelewa kidogo kutokana na hali ya hewa, lakini kwa ushirikiano mzuri wa wadau wote, na kadhalika, na kadhalika. Alipoitwa alikwenda mbele, akaikunja karatasi mara mbili, akaisukuma chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

"Nimeambiwa niseme habari za mvua," akaanza. "Mwaka ule mvua haikunyesha."

Akasimulia yote: mchanga kiganjani, kazi aliyoahidiwa kwenye kona, ndoo, ukuta ulioachia. Jina la mtu hakulitaja, wala hakupunguza chumvi wala kuiongeza. Dakika tano zikapita, zikapita kumi. Mshereheshaji akamsogelea akitabasamu, mkono ameunyoosha kupokea kipaza sauti. Pimamaji akakihamishia mkono wa pili.

"Mkopo si zawadi, jamani. Mtu asiwaambie mnyamaze kwa sababu mmesaidiwa. Hamjasaidiwa, mmekopeshwa. Anayelipa ana haki ya kugonga ukuta."

Nyuma kabisa ya ukumbi mwanamume mmoja mrefu, wa kikundi cha mbali, akasimama. Akasema wao wamejengewa madarasa mawili, wametia saini mwezi uliopita, na sakafu imeshaanza kubonyea. Kabla hajakaa, mama mwingine alikuwa ameinuka upande wa kulia, na wa tatu karibu na mlango.

Mshereheshaji bado alikuwa amenyoosha mkono. Pimamaji akampita, akashuka kwenye jukwaa taratibu kwa sababu ya magoti yake, akatembea urefu wote wa ukumbi na kumkabidhi yule mwanamume kipaza sauti.

"Sema, baba," akamwambia. "Anzia kwenye msingi."